Maswali na Majibu: Kula Vizuri Kisumu Mji Ukijaa Wageni

Wasomaji wanaojiandaa kuja Kisumu kwa mkutano wa biashara wameniuliza kuhusu chakula. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatamfaa pia mgeni mwingine.

Tutakutana Mamboleo, na mapumziko ya mchana ni saa moja tu. Je, tunaweza kwenda Dunga kula samaki na kurudi kwa wakati? (Mfanyabiashara wa nafaka, Eldoret)

Hapana, na nawasihi msijaribu. Dunga iko ufuoni, kusini mwa mji, na ukitoka Mamboleo inakubidi uupite mji mzima. Mji ukifurika wageni, kama ulivyofurika Mei 2022 kwa mkutano wa Africities uliofanyika huko huko Mamboleo, barabara hujaa bodaboda na tuktuk. Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi ni jiko. Samaki mzima huparwa magamba, akachanjwa mbavuni kwa kisu kikali, akatiwa chumvi, akakaangwa taratibu hadi nyama iliyo karibu na mfupa iive, na akitakiwa wa mchuzi ndipo hutoswa kwenye nyanya na vitunguu. Kazi hiyo haiharakishwi bila kuharibiwa. Niliwahi kuwapeleka wageni wanne kwenye kibanda kimoja saa saba mchana bila kuagiza mapema. Samaki walifika mezani saa nane na robo, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuondoka wakiwa wamekula ugali na kachumbari tu. Jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa walikuwa wamekuja Kisumu kwa mara ya kwanza.

Mchana kuleni vilivyokwisha kuiva: wali na maharagwe, au ugali kwa omena, yaani dagaa. Dunga nendeni jioni, yapata saa kumi na moja, mkiwa mmeagiza tangu asubuhi.

Nitajuaje kwamba samaki ninayeuziwa ametoka ziwani? (Mhasibu, Nakuru)

Ni swali la haki, kwa sababu Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na walaji ni wengi kuliko samaki wanaovuliwa upande wetu. Ndiyo maana mjini utakuta samaki wa ziwani, wale wanaofugwa kwenye vizimba humo humo ziwani, na wengine waliogandishwa kutoka Uchina. Samaki wa kizimba si samaki mbaya. Mimi humla bila wasiwasi. Ninachokataa ni kuuziwa mmoja kwa jina la mwingine.

Usichague samaki aliyekwisha kukaangwa na kupangwa kwenye kabati la kioo, kwa kuwa huyo hafichui umri wake. Omba uonyeshwe wabichi. Funua shavu utazame matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia wala yenye utelezi mzito. Macho yawe maangavu na yaliyotuna, na ukibonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi mahali pake. Muulize pia mpishi samaki ametoka wapi; anayemjua mvuvi wake hujibu mara moja, tena kwa fahari.

Na tukiwa hapo, ngege wa asili, yaani perege wa ziwa hili, ameadimika mno. Wengi tunaowaita ngege leo ni wa jamii ya perege iliyoingizwa ziwani miaka ya 1950, na mbuta, yaani sangara, naye aliletwa, hakuwa wa ziwa hili. Bado ni watamu, lakini ni vyema mgeni ajue anachokula.

Mshirika wangu hali nyama wala samaki. Je, atashinda njaa? (Mwuza vitambaa, Kakamega)

Hata kidogo, dada yangu. Hapa mboga za kienyeji hupikwa kwa heshima: osuga, ambayo ni mnavu, na dek, yaani mgagani, hupunguzwa uchungu kwa maziwa, zikachemshwa taratibu na kupashwa moto tena hata siku ya pili, na apoth, yaani mrenda, huteleza vizuri na ugali wa mtama. Ikiwa hatumii maziwa pia, mwambieni mpishi kabla ya kuagiza, maana kwa wapishi wengi maziwa ni sehemu ya mboga yenyewe na hawatayataja. Zaidi ya hayo, mji huu una jamii ya Wahindi tangu enzi za reli, iliyofika hapa mwaka 1901, kwa hiyo dengu na chapati havikosekani katikati ya mji.

Kifungua kinywa kabla ya saa moja asubuhi? (Msafirishaji, Busia)

Chai ya maziwa na mandazi moto, au nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ambayo itakushikilia hadi mchana. Fuata kibanda chenye madereva wengi.

Ninataka kuwaandalia wateja wanane chakula cha jioni cha nyumbani, si cha hoteli kubwa. Niagize nini? (Mwuza mashine za kilimo, Kitale)

Agiza kuku wa kienyeji na aliya, nyama iliyokaushwa ambayo hulainishwa kwa kuchemshwa kabla ya kuungwa. Kuku huyo ni mgumu na huhitaji muda mrefu motoni, kwa hiyo toa taarifa siku moja kabla, na ulipe sehemu ya fedha mapema ili mpishi apate ya kwendea sokoni Kibuye asubuhi. Ongeza ngege mmoja wa mchuzi katikati ya meza, na omba aletwe akiwa na kichwa chake.