Uliza kwanza ni maji ya wapi

Mhariri, swali lenu la wiki lilitoka kwa kijana anayekwenda kuanza kazi kwenye mashamba ya miti Mufindi. Anasema siku za mapumziko hufuatana na wajomba zake wenye kibali kuwinda kanga, na anatafuta buti moja isiyoingiza maji, itakayodumu miaka, ya kazini na ya mawindoni. Mimi ni mtu wa Mafinga na kazi za misitu ndizo zilizonilea. Jibu langu, mdogo wangu, ni kwamba buti hiyo moja haipo. Pesa unayotaka kuimalizia kwenye jozi moja ya bei mbaya igawe mara mbili: gambuti nzuri, na buti ya ngozi iliyoshonwa.

Maji yana njia tatu za kuufikia mguu. Kuna yanayoingia kwa juu, pale unapovuka kijito chenye kina kuliko shingo ya buti. Kuna ya umande na majani mabichi, yanayokipaka kiatu taratibu asubuhi nzima mpaka yapate upenyo. Na kuna jasho lako mwenyewe. Muuzaji atakusifia buti yake kwa hayo ya pili, wakati mara nyingi yanayokutesa ni ya kwanza au ya tatu.

Buti nyingi za bei kubwa zitokazo Ulaya na Marekani zina utando mwembamba kati ya ngozi na bitana, yaani kitambaa cha ndani. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, alipoivuta kwa ghafla plastiki ya PTFE, ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, ikatanuka na kubaki na vitundu vidogo mno. Tone la maji halipiti humo, ila mvuke wa jasho unapita. Ni kazi ya akili sana, sibishi. Lakini mvuke hautoki kwa hiari yake. Lazima ndani ya kiatu kuwe na joto na unyevu kuliko nje. Asubuhi ya mwezi wa saba pale Sao Hill, kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, ukungu umetanda na vidole havishiki panga vizuri, utando unafanya kazi yake. Shuka na buti hiyo hiyo bonde la Kilombero wakati wa masika, nje ni mvuke mtupu kama ndani, jasho halina pa kwenda. Jioni unavua soksi unazikamua na hukukanyaga hata dimbwi.

Halafu kuna ubaya mwingine ambao hauandikwi kwenye boksi. Maji yakishaingia kwa juu, utando ule ule uliokuwa unayazuia kuingia sasa unayazuia kutoka. Huku kwetu, msimu wa mvua, buti ya namna hiyo ukiilowesha leo usitegemee kuivaa kesho ikiwa kavu. Na mchanga unaozama kupitia kwenye soksi unasugua bitana, bitana ikitoboka unahamia kwenye utando, na utando ukishachanika hauna fundi.

Jeshi la Marekani lilipokuwa Vietnam liliwavalisha askari wake buti zenye matundu madogo ubavuni, karibu na unyayo, ili maji yaliyoingia yatoke wakiwa wanatembea. Jeshi lenye fedha zote zile liliona kwamba kwenye joto na mito ni bora kiatu kinachokauka kuliko kinachojidai hakiloi. (Usije ukazitafuta hizo za kijeshi mitumbani, hasa za mabakamabaka. Mwaka 2023 jeshi letu la Tanzania, JWTZ, lilitangaza raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake, na huna haja ya kuulizwa maswali kwa sababu ya viatu.) Nyanda za chini wakati wa kiangazi utawakuta watu wanaofuata nyayo za mnyama kutwa nzima wamevaa katambuga za tairi. Wanajua wanachofanya.

Sasa kudumu. Kiatu cha kazi mara nyingi hakifi ngozi wala hakifi soli, kinakufa pale viwili hivyo vinapokutana. Leon Leonwood Bean wa jimbo la Maine, Marekani, aliuza mwaka 1912 buti za wawindaji zenye sehemu ya chini ya mpira na ya juu ya ngozi. Katika jozi 100 za mwanzo, 90 zilirudishwa, ngozi imeachana na mpira kwenye mshono. Akarudisha pesa za watu, akakopa, akatengeneza upya, na buti hizo zinauzwa mpaka leo. Ukienda kuchagua buti, hapo kwenye maungio ndipo pa kutumbulia macho, hata kama muuzaji anakuonyesha ngozi inavyong'aa.

Kuna za kugundisha na kuna za kushona. Ya kugundisha ni nyepesi na rahisi, lakini gundi ikichoka kiatu kinafunua mdomo mbele, na fundi akibandika tena utarudi kwake baada ya muda mfupi. Iliyoshonwa vizuri ina ukanda wa ngozi au mpira unaozunguka kiatu chote, katikati ya sehemu ya juu na soli. Ukanda umeshonwa kwa ngozi ya juu, soli imeshonwa kwa ukanda. Soli ikilika, fundi anakata uzi wa chini peke yake, anaitoa, anashona nyingine, na kiatu chenyewe hakijaguswa. Mshono huo unaitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule aliyegundua namna ya kupika mpira kwa salfa mwaka 1839. Jihadhari tu na mshono wa mapambo: viwanda vingine vinachora uzi juu ya ukanda wa plastiki na chini yake ni gundi tupu. Ingiza ukucha kati ya ukanda na ngozi, pinda kiatu, uone kama uzi unakwenda mahali au umelala tu juu.

Najua wengi wetu hatununui dukani, tunanunua mitumba, na mitumba ina buti za maana kweli kweli. Ila kuna mtego mmoja. Utamwona kijana ameshika buti ya Kijerumani au ya Kiitaliano, ngozi nzima, soli haijalika hata robo, bei ya kutupa. Wiki ya pili soli inadondoka vipande vipande njiani kama mkate mkavu. Hajauziwa kiatu kilichotumika sana. Ameuziwa kilichokaa sana. Kati ya soli ya chini na ngozi, buti nyingi za kisasa zina tabaka laini la poliyurethani linalopunguza mtikisiko. Tabaka hilo linaliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, na joto linaharakisha. Miaka kadhaa ya stoo Ulaya, kisha kontena baharini, kisha bandarini Dar es Salaam, na kiatu hakijatembea kilomita moja tayari kimeoza tumbo.

Kwa hiyo pale mezani mitumbani fanya hivi. Tazama ubavu wa soli, tafuta lile tabaka lenye rangi tofauti. Likandamize kwa ukucha wa kidole gumba kwa nguvu. Likirudi taratibu na ukucha usiache alama, endelea. Likibaki na kishimo, likinata, au likitoa unga, rudisha kiatu hata kama unapewa bure. Kisha kikunje kiatu pale vidole vinapokunjia, mara kadhaa, huku sikio likiwa karibu; poliyurethani iliyokufa inalia kwa ndani kabla haijaonekana ufa. Halafu ingiza mkono mpaka kisigino, maana bitana hulika hapo kwanza na huwezi kupaona. Mwisho fungua kamba zote uuvute ulimi. Kama ulimi umeshonwa pande zote mbili mpaka karibu na juu, maji ya umande hayana mlango. Kama umeshikwa chini peke yake, hata ngozi ingekuwa ya kifaru utaloa kwa pale kwenye kamba.

Muuzaji akikuruhusu, au ukishafika nyumbani, jaza magazeti makavu ndani, simamisha buti kwenye karai la maji yasiyofika kwenye ulimi, iache saa nzima. Gazeti litakuambia palipovuja.

Gambuti nayo ina yake. Hizi za rangi tulizozoea madukani ni za PVC, aina ya plastiki, zimemiminwa kipande kimoja, hazina mshono wa kuvuja. Ni rahisi, na kwa kuchimba mashimo ya miche kwenye matope, au kulima mpunga, hazina mshindani. Wenzetu wa majaruba wana sababu kubwa kuliko kuloa: vijidudu vya kichocho vinapenya ngozi ukiwa umesimama majini, na gambuti isiyotoboka ni kinga. Kifutu naye, analala kwenye majani hasogei mpaka umkanyage, na akiuma anauma chini, kwenye unyayo na kifundo. Kwa ajili yake usikubali gambuti fupi.

Tofautisha PVC na mpira wenyewe. Mpira ni mzito kidogo, unaukunja unarudi wenyewe, na kwenye baridi unabaki laini. PVC kwenye baridi ya Mufindi inakakamaa na hatimaye inapasuka pale vidole vinapokunjia. Ila mpira hauvumilii dizeli wala oili. Ukishinda karibu na mashine, PVC itakutunza zaidi. Viraka navyo havifanani: mpira unapokea kiraka cha baiskeli na gundi yake, PVC haipokei, inataka fundi wa kuchomelea plastiki kwa chuma cha moto.

Kwa kuwa unaenda kwenye miti, angalia pia alama zilizopigwa kwenye kiatu. EN ISO 20345 ni kiwango cha viatu vya usalama kazini, na maana yake mbele kuna kinga ya vidole iliyopimwa kwa pigo la jouli 200. S3 ni buti, mara nyingi ya ngozi, yenye kinga hiyo na kizuizi cha misumari chini, na sehemu yake ya juu inachelewesha maji tu. S5 ni gambuti yenye vyote viwili. Herufi WR ndizo zinazosema kiatu kizima kimepimwa kwa maji, na katika toleo la 2022 zikaongezwa S6 na S7, ambazo ni S2 (ndugu ya S3, ila haina kizuizi cha misumari) na S3 zenye kipimo hicho. Wauzaji wengi wanakuonyesha S3 na kukuapia kwamba haipitishi maji. Na tafadhali, chuma cha mbele hakizuii msumeno wa mnyororo. Ukipewa msumeno, dai buti zake maalumu. Hilo ni jukumu la mwajiri, lisitoke mfukoni mwako.

Kwenye kanga gambuti iache nyumbani. Shingo yake inapiga ndama za mguu kila hatua, kofu, kofu, na kanga wana masikio. Wajomba zako watakununia. Kule vaa ya ngozi, soli laini isiyo na chuma, na ukubali kwamba umande utakulowesha kidogo mpaka jua lichomoze. Soksi za sufu za akiba mfukoni zitakusaidia kuliko utando wowote. Pamba ikiloa inashikilia maji, na malengelenge yanaanzia hapo.

Nenda kujaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, na soksi utakazovalia kazini. Kidole cha shahada kiingie nyuma ya kisigino kabla hujafunga kamba. Ukishafunga, simama mahali penye mteremko, hata ngazi ya duka, uelekee chini. Vidole vikigusa mbele, hiyo siyo yako, maana mashamba yetu yote ni mabonde.

Matunzo hayana mengi. Osha tope siku hiyo hiyo, jaza magazeti, badilisha yakiloa, weka kivulini penye upepo. Usiweke karibu na jiko. Naona vijana wanapanga buti kuzunguka moto wa kambini, asubuhi ngozi imekuwa ubao na gundi imeachia. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, ukaipaka ngozi ikiwa kavu na kusugulia kwa kidole kwenye mshono, inatosha, na Iringa nyuki hawajatukimbia.

Kama mfuko unaruhusu jozi moja tu mwanzoni, basi mwezi unaoripoti ndio uamue. Ukiripoti Novemba mvua zinapoanza, nunua gambuti, ya ngozi itafuata kwenye mshahara wa Aprili. Ukiripoti Juni, anza na ya ngozi.