Vijiko viwili vya alfajiri: je, nimpe mtoto paracetamol tena?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi niliye kwenye mafunzo kwa vitendo, wodi ya watoto. Saa 2 asubuhi tumepokea mtoto wa kilo 8 mwenye homa ya nyuzi 38.9. Daktari kaandika paracetamol ya maji, miligramu 120 kila baada ya saa 6, ianze sasa. Mama anasema saa 11 alfajiri alishampa vijiko viwili. Nimpe au nisubiri?

Jibu: Marahaba. Usimpe kwanza. Alichoandika daktari kiko sawa: miligramu 15 kwa kilo, mara 8, ni 120. Ila vile vijiko viwili havimo kwenye chati.

Mwombe mama akuoneshe chupa. Iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini zipo za 250, na matone ya vichanga huwa makali zaidi. Kisha mpe kijiko na maji, ajaze kama alivyojaza nyumbani. Wengine hutumia kijiko cha kulia wali! Ulizia pia dawa ya mafua, kwani nyingi zina paracetamol ndani.

Kama ni kijiko cha mililita 5 na chupa ya 120, mtoto kapata 240, mara mbili ya dozi yake. Kikomo cha saa 24 ni miligramu 60 kwa kilo, kwake 480. Zimebaki 240 mpaka saa 11 alfajiri ya kesho. Mweleze daktari, na mimi ningependekeza 120 saa 5 asubuhi, 120 saa 11 jioni, ya saa 5 usiku irukwe. Dozi ya nyumbani iandike kwenye chati pamoja na saa yake, la sivyo wa zamu ya usiku ataitoa tu.

Kama ni kijiko cha chakula, mililita 15, viwili ni miligramu 720, yaani 90 kwa kilo. Hapo simamisha paracetamol na umwite daktari papo hapo. Usidanganyike kwamba mtoto anacheza. Siku ya kwanza anaweza kutapika tu, au asioneshe chochote; ini huanza kulalamika siku ya pili au ya tatu. Sehemu ndogo ya dawa hii hugeuka sumu ndani ya ini, nayo huzimwa na glutathioni, kinga ya asili iliyomo mwilini. Dozi kubwa humaliza akiba hiyo, na mtoto mwenye utapiamlo au aliyegoma kula siku kadhaa huwa nayo kidogo tangu mwanzo. Daktari akiona inahitajika asetilisisteini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu mtoto anywe paracetamol, kwa hiyo msingoje macho yawe ya njano.

Wakati mnasubiri, mpunguzie nguo, aendelee kunyonya, na kipimo cha malaria kifanyike sasa hivi. Mama akiuliza kuhusu degedege, mwambie ukweli: paracetamol hushusha homa, haizuii degedege.