Goti moja, vipimo viwili: tuamini kipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, goti la kulia limesagika na linamuuma upande wa ndani. Eksirei ya kwanza ilionyesha goti tu, ripoti ikasema mguu umeingia ndani, yaani kinyume cha matege, nyuzi 1. Baadaye akapigwa picha ya mguu mzima akiwa amesimama, ikasemwa ana matege ya nyuzi 5. Nani amekosea?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huenda hakuna aliyekosea, maana wamepima mistari tofauti.

Picha fupi haionyeshi nyonga wala kifundo. Mpimaji hufuata katikati ya vipande vya mfupa wa paja na muundi vinavyoonekana. Lakini kichwa cha mfupa wa paja kimekaa pembeni, hakiko juu ya mfupa wenyewe, hivyo kwa mistari hiyo hata mguu ulionyooka husomeka umeingia ndani nyuzi 5 hadi 7. Kwenye picha ndefu, mstari mmoja hutoka katikati ya kichwa hicho hadi katikati ya goti, wa pili kutoka goti hadi katikati ya kifundo, na mguu ulionyooka husoma 0. Kwa hiyo 1 ya kuingia ndani na 5 za matege zaweza kuwa mguu ule ule. Ila usijipigie hesabu nyumbani: tofauti hiyo hubadilika mtu na mtu, hasa paja likiwa limepinda.

Mimi ningeshika picha ndefu. Kwenye muundi wa sentimita 36, alama ya kifundo ikikosewa kwa milimita 6, kipimo hupotoka nyuzi 1. Picha fupi ikionyesha sentimita 10 tu za muundi, milimita 2 zinatosha.

Hata hivyo, picha ndefu nayo huharibika. Pia ya goti ndiyo itazame mbele, si vidole vya mguu. Goti lisilonyooka likigeuzwa kidogo, mkunjo wake husomeka kama matege, au huyaficha. Tena picha hiyo mara nyingi huungwa kwa vipande viwili au vitatu. Mgonjwa akiyumba katikati ya kazi, ukingo wa mfupa huonyesha kingazi pale kwenye kiungio. Ukikiona, omba irudiwe. Asimame pia kwa uzito sawa miguu yote miwili, jambo gumu kwa mwenye maumivu. Apewe pa kujishika.

Matege hayo yasipuuzwe, kwani yanasukuma uzito upande ule ule unaomuuma. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulikuta kwamba penye matege, uwezekano wa upande wa ndani kuzidi kusagika ndani ya miezi 18 ulikuwa kama mara 4 ya pale pasipo matege.

Mwakani kipimo kikitoka 6 badala ya 5, msishtuke. Nyuzi 1 huweza kutokana na upimaji tu. Linganisheni picha ndefu kwa ndefu, kwa msimamo ule ule. Na mkiambiwa habari ya kukata mfupa ili kunyoosha mguu, msikubali mpango uliochorwa juu ya picha fupi.