Mayai yenye mbegu: yanalika au hayaliki?

Tangu nilipoandika kuhusu chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku, maswali yamehama kutoka kwa kuku yakaenda kwenye mayai, na karibu yote yanamsingizia jogoo. Haya hapa machache.

*Nina mitetea kumi na jogoo mmoja uani. Mume wangu kagoma kula mayai yetu, anasema ni kula vifaranga. Je, yana madhara? (Mama wa Mbagala, Dar es Salaam)*

Hayana, mama. Mwambie baba watoto kwamba kama amewahi kula yai la kienyeji maishani mwake, basi hilo alishalila zamani. Kuku wa kienyeji huzurura na jogoo wao, kwa hiyo mayai yao mengi yana mbegu, yaani yamerutubishwa na jogoo.

Yai lenye mbegu likitoka kwa kuku halina kifaranga. Lina kidoa cheupe juu ya kiini, cha milimita 4 hivi, chenye kijiduara kama pete ukikitazama kwa makini. Hakuna damu, mfupa wala unyoya. Ili kidoa hicho kiwe kifaranga kinahitaji joto la nyuzi 37.5 hivi, siku 21. Likikaa penye baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, mbegu hulala tu. Ladha ni ileile, protini ni ileile. Anayekuuzia kwa bei ya juu akidai lenye mbegu lina nguvu zaidi, anakuuzia jogoo wake.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo penye kazi. Jiko la Mbagala mwezi wa Februari linapita nyuzi 30. Kwenye joto hilo mbegu hailali vizuri. Huanza kukua kwa kusuasua, kisha inakufa, na yai la namna hiyo huharibika mapema kuliko lisilo na mbegu. Kwa hiyo okota mayai asubuhi na jioni, usimwache kuku ayalalie, na yaweke kwenye friji. Kama huna friji, yaweke chini penye kivuli na upepo, uyale ndani ya siku chache. Ukitaka kuyauza dukani, mtenge jogoo. Lakini usitegemee mabadiliko kesho yake: kuku huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili hadi tatu.

*Nilipasua yai nikaona doa la damu, nikalimwaga. Lilikuwa limeanza kuwa kifaranga? (Msomaji wa Tanga)*

Hapana. Kiini kinapochomoka kwenye ovari, wakati mwingine kimshipa hupasuka na tone la damu likaambatana nacho. Hutokea hata kwa kuku wa mayai wa bandani ambao hawajawahi kuona jogoo. Litoe doa kwa ncha ya kijiko, ukaange. Kama imani yako ina neno juu ya damu, hilo ni la kumuuliza sheikh au mchungaji, si mimi. Ukikuta mishipa myekundu imetandaa kama utando wa buibui, hilo ndilo lililoanza kukua. Limwage.

*Nitajuaje kabla sijapasua? (Huyohuyo wa Tanga)*

Yai la leo huwezi kujua. Tochi haionyeshi kitu mpaka likae kwenye joto siku nne au tano. Hapo ukilimulika gizani utaona mishipa na kitone cheusi katikati. Bibi yangu hakuwa na tochi. Alilishika yai kwenye ngumi, akalielekeza kwenye jua na kufumba jicho moja, na sikumbuki akikosea mara nyingi.

Ile ya kulitia yai kwenye maji hupima umri, haipimi mbegu. Yai likizeeka hupoteza maji kupitia matundu ya ganda, chumba cha hewa kinapanuka, nalo linaelea. Linaloelea ni la zamani, ingawa si lazima liwe viza. Njia ya uhakika ni ya wakaanga chipsi: pasua kila yai kwenye kikombe kwanza, ndipo ulimimine kwenye mengine. Viza moja huharibu chipsi mayai ya watu wanne.

*Kuna kijana anatuuzia trei za "mayai ya mashine" kwa nusu bei. Anasema yalikataa kutotolewa, lakini ni mazima. (Mama lishe, Morogoro)*

Dada, hayo yaache. Kwenye mashine ya kutotoleshea, mayai hukaguliwa kwa tochi baada ya wiki moja hivi, na yale yasiyo na mbegu hutolewa. Kwa macho ni mazima kweli. Lakini yamekaa siku saba kwenye joto la kuatamia, na joto hilohilo bakteria nao wanalipenda. Zaidi ya hapo, sehemu nyingi za kutotolesha hufukiza mayai kwa fomalini, dawa kali ya kuua vijidudu, kabla ya kuyaingiza. Umoja wa Ulaya umekataza kabisa mayai yaliyoingia kwenye mashine yasiliwe na binadamu. Bei ya nusu trei si hoja. Mteja wako mmoja akiendesha usiku kucha, genge zima litajua asubuhi.

*Shikamoo daktari. Yai bichi la kienyeji na asali, ni kweli linaongeza nguvu za kiume? (Kijana wa Mwanza)*

Marahaba. Si kweli. Ute mbichi hata mwili wenyewe hauufaidi sawasawa: protini yake humeng'enywa kama nusu tu, ilhali ukiivishwa humeng'enywa karibu yote. Pia salmonela, bakteria wa kuharisha, anaweza kuwa ndani ya yai safi lisilo na ufa, maana kuku aliyeambukizwa humpitisha kabla ganda halijajengeka. Chemsha mpaka ute na kiini vigande. Asali kunywa peke yake.

*Sili nyama kwa imani yangu. Yai lenye mbegu ni nyama? (Msomaji wa Arusha)*

Swali hili lilimgusa hata Gandhi. Mwaka 1942, akiwa kifungoni, aliandika kwamba anayekunywa maziwa hana sababu ya kukataa yai lisilo na mbegu. Lenye mbegu hakuliruhusu hivyo. Kama nawe dhamiri inakusumbua, nunua ya kuku wa mayai wa bandani, maana kwa kawaida hawachanganywi na jogoo.

*Mdogo wangu yuko Doha, anaishi na Wafilipino. Anasema wanakula yai la bata lenye kifaranga ndani! Hawaugui? (Msomaji wa Mombasa)*

Linaitwa baluti. Yai la bata huatamishwa siku 14 hadi 18, kisha linachemshwa na kuliwa kwa chumvi au siki. Likitayarishwa vizuri haliwadhuru, kwa sababu kilichomo kilikuwa hai mpaka linaingia sufuriani, na limechemshwa likaiva. Viza ni kitu kingine: kilichomo kilishakufa na kuoza. Kama mdogo wako atakaribishwa, aangalie tu limeiva. Kuhusu ladha sina la kumwambia. Sijaonja, wala sina haraka.