Maswali Yenu Kuhusu Kuku wa Kithai wa Kukaanga

Tangu niandike hapa juu ya pad krapow gai, maswali hayajakatika. Kwa aliyekosa: ni kuku aliyekatwakatwa vipande vidogo, akakaangwa kwa moto mkali pamoja na pilipili, kitunguu saumu na majani ya krapow yenye harufu kali, akawekwa juu ya wali. Kule Thailand ndicho mtu anachoagiza kwenye vibanda vya chakula akifika hajui anataka nini, na wenyewe hukitania kuwa ni chakula cha aliyeishiwa mawazo. Nimechagua maswali yaliyojirudia.

Shikamoo mama. Nimepanga chumba Morogoro, nina mtungi mdogo wa gesi na kikaango kimoja. Nipe vipimo vya watu wawili, nisizunguke. (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu. Chukua gramu 400 za mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, uyakatekate kwa kisu mpaka yawe kama nyama ya kusaga iliyosagwa vibaya. Twanga punje 6 za kitunguu saumu na pilipili kichaa 5. Usizifanye uji, ziponde tu. Kwenye bakuli changanya sosi ya chaza kijiko kimoja cha chakula, sosi ya samaki vijiko viwili vya chai, soya ya kawaida vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chai na maji vijiko vitatu vya chakula. Ukiwa na soya nyeusi nzito, tone kidogo kwa ajili ya rangi. Majani, konzi mbili.

Mafuta vijiko vitatu yapate moto, tia saumu na pilipili, geuza mpaka harufu ikupige chafya. Tia kuku, mwache atulie kidogo apate rangi, kisha geuza. Akiiva mmwagie ile sosi, subiri ikauke nusu, zima moto, tupia majani, geuza mara mbili tatu. Humalizi dakika kumi. Ndiyo maana kila kitu kiwe kimeshakatwa na kupimwa kabla hujawasha jiko, maana ukianza kutafuta chupa ya soya saumu imeshaungua.

Wangu alitoa maji mengi, nikaishia na mchemsho. Nilikosea wapi? (Dada wa Kisumu)

Karibu nusu ya barua zilizokuja zinauliza hili. Dada, hebu tazama kinachotokea ndani ya karai. Nyama ina maji yake. Moto ukiwa mkali na nyama ni kidogo, maji hayo hupaa papo hapo na nyama hupata rangi ya hudhurungi. Ukimimina kilo nzima kwa mkupuo, karai hupoa, maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka, na kuku anabaki kuogelea. Maji hayapiti nyuzi 100, na nyama haianzi kuwa na rangi nzuri mpaka ifike kama nyuzi 140. Kwa hiyo palipo na dimbwi hapana kukaanga.

Dawa yake: kuku wa friji ayeyuke kabisa, umchuje, umpanguse kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Kaanga gramu 400 kwa mara moja, basi. Mkiwa wanane nyumbani, kaanga kwa mafungu, hata kama wa kwanza atasubiri chini ya kifuniko. Na usifunike karai likiwa motoni. Ninajua mkono unakwenda kwenye kifuniko wenyewe, tumelelewa hivyo, lakini mvuke unaoufungia ndani ndio huo huo unaorudi kuwa mchuzi.

Kama una jiko la mkaa, usilidharau. Makaa yaliyokolea na kupepewa vizuri yanashinda majiko mengi madogo ya gesi kwa kazi hii. Tahadhari kwa wenye vikaango visivyoshika: visiachwe vikavu juu ya moto mkali, ile ngozi ya ndani huharibika. Karai la chuma ni bora.

Assalamu alaikum. Hapa Mombasa krapow nitaipata wapi? Mrehani wa uani hautoshi? (Mama wa Old Town)

Waalaikum salaam. Krapow ni jamii moja na tulsi ya Wahindi, ile inayopandwa kwenye nyumba za Wahindu kwa ibada. Ukiwa na jirani mwenye mche, muombe mbegu au kijiti. Unakua bila matata kwenye kopo lenye jua.

Mrehani wako ni ndugu yake wa karibu, ila tabia ni nyingine. Mrehani una harufu tamu, ndiyo maana unakaa vizuri kwenye kikuba pamoja na asumini. Krapow ina ukali wa pilipili manga na karafuu. Ukitumia mrehani utapata chakula kizuri sana, na Wathai wenyewe wana upishi kama huo kwa majani yao matamu ya horapha, lakini hawataukubali kuwa pad krapow. Mimi nikikosa tulsi huweka mrehani mwingi na majani machache machanga ya kivumbasi. Machache! Kikizidi, sahani inanukia kama mvuke wa kujifukiza mafua.

Majani makavu ya kopo achana nayo.

Sosi ya samaki inanuka. Ni lazima? (Msomaji, Unguja)

Inanuka chupani, karaini hutulia na kubaki ladha. Ni dagaa wa baharini na chumvi waliokaa kwenye mapipa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, mpaka wakatoa maji ya rangi ya chai. Chupa yenye dagaa, chumvi na sukari tu ndiyo ya kununua. Ukiikosa, ongeza soya na chembe ya chumvi. Kitakosekana kitu, ila mlo utalika. Nyumbani kukiwa na mtu anayedhurika na samaki au chaza, acha zote mbili na utumie soya na sukari.

Mbona hukuweka tui? Chakula cha Kithai si ni tui?

Tui ni la michuzi na baadhi ya supu zao. Kwenye kukaanga kwa namna hii halina kazi. Hoho, karoti na kabichi vilevile. Wako wanaotia maharage machanga au kitunguu maji, na Wathai hawaishi kubishana juu ya hilo. Mimi niko na wale wasiotia.

Naweza kutumia kuku wa kienyeji?

Kwa supu, ndiyo. Hapa atakutoa jasho: dakika tano za moto hazimlainishi. Kuku wa kisasa ndiye mwenyewe, na paja lina ladha kuliko kidari.

Watoto hawali pilipili, baba yao hali bila pilipili. (Mama wa watatu, Arusha)

Pika bila pilipili, kisha weka mezani kibakuli cha prik nam pla: sosi ya samaki vijiko vitatu, pilipili kichaa zilizokatwa duara, saumu kidogo, ndimu nusu. Baba ajitilie.

Mume wangu hapendi majani yenye harufu. Kuna upishi mwingine? (Lindi)

Na mko kwenye korosho! Wathai wana kuku wa korosho. Kaanga korosho kwanza kwa moto mdogo, uzitoe zikianza tu kubadilika, kwa sababu huendelea kuiva nje ya mafuta. Fuata na pilipili ndefu zilizokaushwa, nazo uzitoe. Kuku mkate vipande vya kidole gumba, mpake unga wa ngano kidogo, mkaange, tia kitunguu maji, sosi ile ile, mwishoni rudisha korosho na pilipili.

Wali wa namna gani, na yai linakaangwaje?

Wali mweupe usio chumvi, mafuta wala nazi, kwani sosi ina chumvi ya kutosha. Mchele wa Kyela au pishori wa Mwea unafaa kabisa. Yai lipasulie kwenye mafuta mengi ya moto, kama nusu kikombe, ulimwagilie mafuta juu kwa kijiko mpaka kingo zikauke na kuwa kama kachiri, kiini kikibaki laini. Likikaa juu ya wali, lipasue kiini kishuke.

Tule kwa vijiti?

Vijiti vyao ni vya tambi. Wali hula kwa kijiko mkono wa kulia, na uma wa kushoto kusukumia. Nyumbani kwangu tunanawa mikono.