Mkwaruzo wa Maegesho na Madai Niliyoyafuatilia Hadi Nikalipwa

Juma lililopita kampuni ya bima ya dereva aliyenigonga kwenye maegesho ilinilipa gharama yote ya matengenezo, baada ya mimi kukataa malipo ya kwanza ambayo yasingefika hata nusu ya kazi yenyewe. Nimefurahi, wala sioni sababu ya kuficha furaha hiyo, kwa kuwa nililipwa kutokana na uvumilivu na ushahidi.

Gari langu lilikuwa limesimama ndani ya mistari, nami nimo ndani, pale dereva mwenzangu aliporudi nyuma na gari lake akalipiga langu kwenye kona ya bampa. Alishuka, akaniomba radhi na kusema kwamba ni mkwaruzo tu, hivyo tuyamalize wenyewe. Nilimjibu kwa heshima kwamba kwanza tupige picha. Kabla ya gari lolote kusogezwa, nilipiga picha za mbali zilizoonyesha mistari ya maegesho na upande ambao magurudumu ya gari lake yalikuwa yamegeuzwa, kisha za karibu zilizoonyesha namba za magari na rangi nyeupe ya gari lake iliyobaki kwenye bampa langu la buluu. Tukaandikiana majina, namba za simu na namba za bima. Siku hiyohiyo nikamwandikia msimamizi wa maegesho nikimwomba ahifadhi picha za kamera, kwa maana mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya muda.

Bado inaniuma kwamba mtu aliyeniomba radhi kwa mdomo wake alikuja kuandika kwenye fomu kuwa magari yote mawili yalikuwa yakirudi nyuma. Ndugu zangu, kauli njema ya mtu ipokeeni kwa shukrani, lakini madai yenu yajengeni juu ya picha na maandishi. Ile picha ya mistari ndiyo iliyoyavunja maelezo yake.

Halafu akaja mkaguzi wa bima, akalitazama bampa kwa nje na kukadiria gharama ya rangi peke yake. Nilimwomba fundi alifungue mbele yake: vishikizo viwili vilikuwa vimekatika na sensa ya kurudia nyuma, kile kifaa kinachomwonya dereva anapokaribia kitu, imepasuka. Bampa la plastiki hurudi umbo lake baada ya kugongwa na kuficha kilichovunjika ndani, kwa hiyo msitengeneze chochote kabla ya ukaguzi, na msitie saini hati ya kumaliza madai kabla bampa halijafunguliwa, kwani saini hiyo kwa kawaida hufunga mlango wa kudai zaidi.

Wenye bima ndogo wakumbuke kwamba bima yao hulipa hasara ya mwingine, si ya gari lao, hivyo wasipokuwa na kosa ni lazima waifuate bima ya aliyewagonga. Wenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lao wenyewe, wanaweza kudai kwenye kampuni yao, ila walinganishe gharama ya fundi na kile kiasi ambacho mkataba unawataka wachangie wenyewe, pamoja na punguzo la ada wanalopewa wasiodai, ambalo huenda wakalipoteza. Hata ukiamua kujilipia, itaarifu kampuni yako kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, kwa sababu yule mliyeagana kwa amani anaweza kuleta madai yake baadaye.