Kwa nini studio hufuta gemu lililokwisha kula miaka sita

Mkuu, umeuliza kwa nini Blizzard, studio ya magemu ya Marekani, walilifuta gemu la Odyssey baada ya kulitengeneza miaka sita badala ya kumalizia tu. Tatizo liko hapo kwenye "kumalizia tu". Pesa iliyokwisha kuliwa haihesabiwi tena. Kinachoulizwa ni kuanzia leo hadi siku ya kuuza zinahitajika ngapi.

Piga hesabu. Kwa Marekani, makadirio ya haraka ni dola 10,000 kwa mtu kwa mwezi, mshahara, bima na ofisi vikiwemo, na siku hizi ni zaidi. Timu ya watu 100 inakula milioni 1 kila mwezi, kazi iende isiende. Na Odyssey, kwa taarifa za Bloomberg, ilikwamia kwenye injini, yaani programu ya msingi ambayo gemu hujengwa juu yake: ilianzia Unreal, ikahamishiwa Synapse, injini ya ndani iliyobuniwa kwa magemu ya simu. Injini ikiyumba, wachoraji huendelea kuchora lakini hawana pa kujaribia, na kurudi ulikotoka ni kuanza upya sehemu kubwa ya kazi. Januari 2024 Microsoft, iliyoinunua Activision Blizzard miezi mitatu tu kabla, ikapunguza watu 1,900 upande wa magemu, na Odyssey ikaenda nao.

Kwa aliyeko ndani, dalili ninazoziamini ni hizi: aliyeacha kazi hazibiwi nafasi, toleo la majaribio linaahirishwa mara ya pili, wenzako "wanaazimwa" mradi mwingine. Maneno matamu ya kikao cha wote usiyape uzito.

Barua ya kuachishwa kazi ikifika, usisaini siku hiyohiyo. Akaunti zako za kazini huweza kufungwa saa ileile, hivyo mkataba na hati za mshahara ziwe nyumbani mapema. Michoro na msimbo wa programu wa studio usinakili kabisa, utajiponza.

Sheria ya Marekani iitwayo WARN huzitaka kampuni za watu 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 wanapofukuza kwa wingi. Usiichanganye na kiinua mgongo, ambacho haikilazimishi: studio ya Telltale mwaka 2018 iliondoa watu karibu 250 bila hata senti ya kiinua mgongo. Mwenye miaka 40 na kuendelea, akiondolewa na kundi, ana siku 45 za kuutafakari mkataba wa kuachia madai, yaani wa kukubali kutoishtaki kampuni, na 7 za kuubatilisha akishasaini. Wa H-1B, viza ya kazi ya Marekani kwa wageni, ana siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, basi aanze kutafuta usiku uleule.

Na omba kwa maandishi nini unaruhusiwa kuonyesha kwa waajiri. Gemu lililofutwa halina orodha ya majina ya waliolitengeneza mwishoni.